Ukienda Kununua Lethi, Tazama Kitanda

Asalaam alaykum, Bwana asifiwe. Mafundi wenzangu wa Mtwara, nanyi mliotoka Lindi, karibuni. Mmeniomba nizungumzie lethi ndogo na milingi za kuweka nyumbani. Lethi huzungusha chuma huku kisu kikikichonga; milingi huzungusha kisu, chuma kikiwa kimebanwa mezani. Nitasema zaidi lethi, ndiyo ya kuanza nayo. Bushi ya injini ya boti, pini ya mashine ya kubangulia korosho, shafti fupi: kazi tunazoletewa huku nyingi ni za mviringo.

Mtu akienda kuona lethi ya mtumba hutazama rangi. Rangi ni kopo moja na brashi! Wewe tazama kitanda, ule msingi mrefu wa chuma ulio chini ya lethi. Kile kiti kinachobeba kisu huteleza juu yake, na hushinda karibu na chaki, yaani zile taya zinazobana chuma na kukizungusha, basi kitanda huliwa hapo, kule mwisho kikabaki kipya. Kwa hiyo kilete kiti karibu na chaki, kaza skrubu zake mpaka kisicheze, kisha kisogeze taratibu kuelekea mwisho. Kikikwama njiani, kitanda kimelika. Muuzaji atakwambia ni uchafu tu. Sawa, futa, tia oili, rudia mbele yake. Halafu bana chuma kirefu kwenye chaki, kinyanyue na kukishusha kwa mkono. Kikicheza, shuku bearingi.

Zile mpya ndogo za mezani, nyingi zina takriban kilo 40 na hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani. Lethi kubwa za karakana mara nyingi zinataka umeme wa fezi tatu, ule wa viwandani, ulizeni kabla ya kulipa.

Milingi? Msiigeuze mashine ya kutobolea kuwa milingi. Chaki yake imeshikwa na koni tu, imeundwa kusukumwa chini. Ukiisukuma ubavuni huchomoka huku inazunguka. Mimi ilinidondokea mguuni, nikivua kiatu kovu mtaliona. Milingi yenyewe ina bolti ndefu inayovuta kishikio cha kisu kutoka juu. Na tengeni fedha za vaisi ya kubania chuma, visu na vipimio, maana hivyo vinaweza kufikia bei ya mashine.

Nyumbani, jiwe la kunolea lisikae jirani na lethi, vumbi lake linasaga kitanda. Halafu kuna hii hewa yetu ya chumvi. Kila jioni futa, paka oili, funika kwa kitambaa, si nailoni, nailoni hufungia unyevu.

Naam, kaka pale nyuma? Oili chafu ya gari? Hapana, ile ina asidi. Paka oili safi.