Villisca, 1912: Kesi Iliyokanyagwa na Watu

Asanteni kwa kuja. Pale mlangoni mama mmoja amenishika mkono kabla sijaketi, akaniuliza, "Mwalimu, tuambie basi, aliua nani?" Nimemwomba avute subira. Nitamjibu, ila nitapita njia ndefu kidogo.

Villisca ni mji mdogo katika jimbo la Iowa, Marekani. Mwaka 1912 ulikuwa na wakazi wapatao 2,500, makanisa yake, maduka yake, na reli. Jumapili ya tarehe 9 Juni kulikuwa na sikukuu ya watoto katika kanisa la Presbiteri, ikaisha kama saa tatu na nusu usiku. Josiah Moore, muuzaji wa zana za kilimo, alirudi nyumbani kwa miguu na mkewe Sarah, watoto wao wanne, na mabinti wawili, mtu na mdogo wake, walioalikwa kulala hapo. Mkubwa alikuwa na miaka 12, mdogo 8.

Asubuhi jirani alikuwa nje akianika nguo. Akashangaa kwa akina Moore kimya, hakuna moshi, hakuna mtoto. Akabisha hodi, mlango umefungwa. Akawafungulia kuku bandani, kisha akampigia simu ndugu yake Josiah. Huyo alikuja na ufunguo, akafika hadi chumba cha wageni, akatoka mbio. Wote 8 walikuwa wameuawa usingizini au karibu na usingizini, kwa shoka. Shoka lenyewe lilikuwa la Josiah.

Tukae kidogo humo ndani, maana kesi yote imo humo. Mapazia yalikuwa yameshushwa, na madirisha yasiyo na pazia yametundikwa nguo. Vioo vilifunikwa. Nyuso za marehemu zilifunikwa pia, baada ya kuuawa. Darini juu ya vitanda kulikuwa na mikwaruzo, pale ncha ya shoka ilipogonga lilipokuwa likiinuliwa. Kando ya shoka kulikuwa na kipande cha nyama ya nguruwe. Jikoni, sahani ya chakula kisicholiwa na bakuli la maji yenye damu. Na taa: kioo chake kimeondolewa, utambi umepunguzwa hadi mwanga ukawa wa kunong'ona tu. Mimi nikisoma kesi hii sishtuliwi sana na shoka. Nashtuliwa na utambi. Huyu mtu alitulia akaurekebisha kwa vidole vyake.

Vidole! Mwezi Desemba 1911, jirani tu hapo Illinois, mahakama kuu ya jimbo ilikuwa imekubali alama za vidole kuwa ushahidi. Kwa hiyo sayansi ilikuwepo. Ila habari ilisambaa mjini, na kabla askari wa akiba hawajaifunga nyumba ile mnamo adhuhuri, watu kama mia walikuwa wameshapita vyumbani wakitazama, wakishikashika, wakikanyaga. Walikwenda kama watu wanavyokwenda msibani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hicho ndicho kinachoniuma. Mbwa wa kunusa waliletwa kutoka Nebraska, wakafika jioni. Walifuata harufu hadi mto Nodaway, ikapotea.

Ushahidi ukishakufa, maneno huanza kuishi. Villisca ilikuwa na seneta wa jimbo, Frank Jones, tajiri wa mji. Josiah alikuwa mfanyakazi wake, akatoka akafungua duka lake na kuondoka na uwakala wa John Deere, kampuni ya zana za kilimo. Mpelelezi mmoja wa kulipwa akajenga hoja kwamba Jones alimkodi muuaji. Juri kuu, yaani raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe, ikakataa kumshtaki yule aliyetajwa kukodiwa: orodha ya mishahara ilionyesha yuko kazini Illinois. Lakini mji ulishagawanyika, Wamethodisti upande wa Jones, Wapresbiteri upande wa Moore. Jones alishtaki kwa kashfa, akashindwa.

Kisha akaja mhubiri George Kelly, Mwingereza mdogo wa umbo, mwenye akili isiyotulia. Alikuwepo kwenye ile sikukuu ya watoto na akaondoka kwa treni alfajiri. Mwaka 1917, baada ya kuhojiwa usiku kucha, alikiri, halafu akakana. Juri ya kwanza, yaani raia 12 wa kuamua kesi, iligawanyika, 11 wakitaka aachiwe na mmoja akipinga. Ya pili ikamwachia huru. Mtu aliyebanwa hadi alfajiri husema lolote ili alale, kwa hiyo kukiri kule sikupi uzito. Baada yake hakuna mwingine aliyefikishwa kizimbani kwa mauaji hayo.

Sasa mama, swali lako. Mwezi Septemba 1911 watu 6 waliuawa kwa shoka usiku Colorado Springs. Wiki mbili hivi baadaye, familia huko Monmouth, Illinois. Oktoba, watu 5 wa familia moja Ellsworth, Kansas, na huko pia taa ilikutwa bila kioo chake. Juni 1912, mume na mke huko Paola, Kansas, siku chache tu kabla ya Villisca. Miji ya reli. Watu wamelala. Wengi hawakuibiwa kitu cha maana. Sina kipimo cha maabara cha kuunganisha nyumba hizo, wala sitaapa kwamba zote ni za mkono mmoja. Ila seneta mwenye kinyongo cha biashara hafuniki vioo, wala hamtumi mtu afunike.

Namwona mtu wa kupita. Madaktari walikadiria mauaji yalifanyika muda si mrefu baada ya saa sita usiku. Ufunguo uliingia mlangoni kama saa mbili asubuhi. Hizo ni saa nane, na stesheni ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu. Mbwa waliponusa ule mpini wa shoka giza likiingia tena, yeye alikuwa na karibu siku nzima njiani.