Antivirasi ya Bure kwa Laptopu ya Zamani: Pima Kwanza, Chagua Baadaye

Ndugu wasikilizaji, habari za mchana. Laptopu za zamani ziko za kila namna, kwa hiyo leo tuchukue mashine moja ambayo wengi wenu mnaijua: HP EliteBook 840 G1, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, ndani yake Windows 10. Mashine kama hizi zilitumika maofisini Ulaya na Marekani, kisha zikajaa kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika Kariakoo na Nairobi. Bado zina nguvu ya kuandika ripoti, kufanya hesabu na kusoma barua pepe. Malalamiko ya wenye nazo yanafanana: inachelewa kuwaka, ikiunganishwa na intaneti inakwama, na kuna mtu kashauri ing'olewe antivirasi iliyomo iwekwe "nyepesi".

Kabla hujang'oa chochote, elewa uzito wenyewe uko wapi. Watu hutazama ukubwa wa faili la kusakinishia: hili lina MB 3, lile MB 400, basi la MB 3 ndilo jepesi. Kipimo hicho hakisemi kitu. Faili dogo mara nyingi ni mlango tu; ukilibofya linapakua mamia ya MB kutoka kwenye intaneti, na bando lako linakwenda humo.

Uzito wa kweli, kwenye mashine hii, uko kwenye diski. Kila unapofungua faili, antivirasi inalishika kwanza, inalisoma, ikiridhika inaliachia. Kufungua kivinjari peke yake hugusa mamia ya mafaili. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, hailihisi sana hilo. Diski ya kuzunguka ina kichwa cha kusomea kinacholazimika kuruka kutoka sehemu hadi sehemu, na kila mruko unachukua milisekunde 10 hadi 15. Sasa ongeza jambo la pili: antivirasi hukumbuka faili ililokwisha kulikagua ili isirudie kazi, lakini zikija taarifa mpya za virusi, kumbukumbu ile haitoshi tena na ukaguzi unarudiwa. Ndiyo maana laptopu iliyokaa wiki mbili bila intaneti hulemewa mara tu inapounganishwa. Windows inapakua masasisho, antivirasi inapakua taarifa zake, ukaguzi wa ratiba uliochelewa nao unaanza, vyote vikigombea diski moja. Ukibadilisha antivirasi wakati huo, ile mpya nayo itajipanga kwenye foleni ileile.

Kwa hiyo tupime. Washa mashine, iache dakika 10 bila kuigusa, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. Kwenye orodha ya programu bofya kichwa cha safu ya Disk, zinazokula diski zije juu. Antivirasi ya Windows inaonekana kwa jina la Antimalware Service Executable. Kuikuta inashika MB 100 hadi 250 za RAM si ajabu wala si ugonjwa. Halafu nenda Performance, chagua Disk 0, utazame Average response time. Diski ya kuzunguka iliyo salama hukaa kwenye milisekunde 10 au 20. Ukiona mamia, na asilimia ya matumizi imegota 100 huku kasi ya kusoma ni MB 1 au 2 kwa sekunde, diski imezidiwa. Anayeizidi ni nani? Safu ile ya Disk itakuambia. Akiwa kivinjari chenye kurasa ishirini wazi, RAM imejaa na Windows inaitumia diski kama RAM ya akiba. Hapo hakuna antivirasi ya kukusaidia. Dawa ni kipande cha pili cha RAM na SSD ya SATA ya inchi 2.5. Mnunuapo RAM ya 840 G1 soma lebo: iwe PC3L. Ile iliyoandikwa PC3 bila L hutumia volti 1.5, na mashine hii inataka volti 1.35.

Ikiwa kweli ni antivirasi, na unatumia Microsoft Defender, ile inayokuja na Windows yenyewe, iulize inashughulika na nini. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi (Run as administrator), uandike:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl

Fanya kazi zako zinazoenda polepole kwa dakika chache, rudi ubonyeze Enter, kisha:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10 -TopProcesses 10

Utapata mafaili 10 na programu 10 zilizoichukulia muda mrefu zaidi. Pengine ni faili moja kubwa la barua pepe za miaka, au folda ya programu ya uhasibu inayoandika kila sekunde. Faili hilo moja unaweza kulitoa kwenye ukaguzi. Usitoe diski C yote, wala Downloads, wala flashi, maana huko ndiko virusi vinakoingilia.

Msimamo wetu ni huu, na tunausema bila kuzungukazunguka: kwa Windows 10 kwenye mashine ya namna hii, anza na Defender iliyomo, uipunguzie makali. Haina matangazo, haidai kujisajili, na hakuna cha kupakua zaidi ya taarifa za virusi. Amri ya kwanza, kwenye PowerShell hiyohiyo ya msimamizi, ni

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

ambayo hushusha wastani wa prosesa wakati wa ukaguzi wa ratiba kutoka 50, ilivyo kiwandani, hadi asilimia 20. Elewa mipaka yake. Namba hiyo ni wastani, inaweza kuvukwa kwa muda mfupi, na haihusu ulinzi wa papo kwa papo unapofungua faili. Tena mashine ikiwa imeachwa bila kazi kizuizi hicho huondolewa, kwa hiyo usishtuke ukirudi ukakuta feni inavuma. La pili, fungua Task Scheduler, ingia Microsoft, Windows, Windows Defender, kwenye Windows Defender Scheduled Scan uweke alama ya kufanya kazi ikiwa kwenye umeme tu, na saa ambayo laptopu huwa imewashwa ila huitumii. Ukaguzi wa haraka, Quick scan, unatosha kwa siku za kawaida. Ule kamili kwenye diski ya kuzunguka unaweza kuchukua saa nyingi. Ufanye mara moja unapoipokea mashine, kisha pale tu unaposhuku jambo.

Wanaotumia intaneti ya simu wasikilize hapa. Ukiweka alama ya Metered connection, yaani intaneti inayohesabiwa, ili kuokoa bando, taarifa za virusi nazo zinaweza kusimama, na Windows Security ikaonyesha tarehe ya mwezi uliopita. Jizoeze kufungua PowerShell na kuandika Update-MpSignature kila unapopata mtandao mzuri. Kwa ofisi au shule yenye kompyuta nyingi, pakua mara moja faili la mpam-fe.exe kutoka Microsoft, ulibebe kwenye flashi safi ulibofye katika kila mashine. Kuna la biti 32 na la biti 64, ukikosea halikubali.

Na wale wasioitaka Defender? Bitdefender wana toleo la bure lenye ulinzi wa papo kwa papo. Avast, AVG na Avira nao wanayo, na wote watatu leo ni wa kampuni moja, Gen Digital. Kabla ya kuchagua, fahamuni kwamba mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliagiza Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji walitembelea, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot iliyofungwa mwaka 2020. Ya bure ina mahali inapopatia fedha. Ukisakinisha yoyote, chagua njia ya Custom, uondoe VPN, kivinjari na "kisafishaji" kinachokuja nayo, kwa kuwa kila kimoja kinaongeza huduma inayoanza na Windows. Kaspersky pia ina toleo la bure, lakini aliyeko Marekani hawezi kupata masasisho yake tangu Septemba 2024.

Malwarebytes ya bure ni kitu kingine. Majaribio ya siku 14 yakiisha inabaki ya kukagua unapoiamuru, hailindi mlango. Hiyo ni sifa nzuri kwa laptopu ya zamani: unaiita mara moja kwa mwezi. Microsoft Safety Scanner ni ya aina hiyohiyo, ila kila nakala hufa siku 10 baada ya kupakuliwa, kwa hiyo usiihifadhi.

Kosa linaloua mashine hizi ni kuweka mbili za papo kwa papo. Faili moja linashikwa na walinzi wawili, kila mmoja akisubiri mwenzake, na mashine inaganda. Ukiondoa ya zamani, iondoe kwa zana ya kampuni yenyewe, mathalani Avast Uninstall Utility au MCPR ya McAfee, kisha uwashe upya. Njia ya kawaida huacha mabaki, na Windows inaweza kuendelea kudhani kuna mlinzi.

Angalieni pia kitu kinachofichwa. Windows iliyokrakiwa huja na programu ya kuiamilisha, na maelekezo yake husema zima antivirasi kwanza, au ongeza folda fulani kwenye Exclusions, orodha ya vitu ambavyo Defender haivikagui. Nani huirudisha baadaye? Mnunuzi anapewa laptopu yenye Defender iliyofumbwa macho upande mmoja. Kwenye PowerShell ya msimamizi andika

Get-MpPreference | Select ExclusionPath

Kikitokea chochote usichokijua, kifute, kisha ufanye Microsoft Defender Offline scan: mashine inawaka upya na kukaguliwa kabla Windows haijapanda, kwa kama dakika 15.

Flashi sasa. Unaipeleka stesheneri kuchapisha, inarudi mafaili yote yamekuwa njia za mkato. Mafaili yako yapo, yamefichwa. Ile njia ya mkato ukiibofya inaendesha skripti kwanza, ndipo inakufungulia faili. Usibofye. Kwanza bofya flashi kwa kitufe cha kulia, uchague Scan with Microsoft Defender, kwa sababu Full scan yenyewe, ilivyo kiwandani, hairuki kwenye flashi. Kikishaondolewa kirusi, fungua Command Prompt uandike, ikiwa flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatarudi kuonekana, nawe ufute njia za mkato zilizobaki. Ukianza na attrib kabla ya kuskani, kirusi kilichopo kwenye kompyuta kitayaficha tena baada ya sekunde chache.

Swali lililoletwa kwa karatasi: je, Windows 7 yenye RAM GB 2? Masasisho ya Windows 7 yalikoma 14 Januari 2020. WannaCry ya Mei 2017, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fedha, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wamelitolea kiraka tangu Machi, na walioumia zaidi walikuwa wa Windows 7 wasiokiweka. Antivirasi haizibi tundu la mfumo. Mashine hiyo iwekeni Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ambayo inakubali GB 2 ingawa GB 4 ndizo nzuri, na msiiwekee ClamAV, antivirasi ya bure ya Linux, ya kudumu, maana orodha yake ya virusi peke yake hushika zaidi ya GB 1 ya RAM. Kwa Windows 10, masasisho ya kawaida yalikoma 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani ulitangazwa hadi 13 Oktoba 2026. Jiandikisheni kwenye Windows Update mkiwa na toleo la 22H2. Taarifa za virusi za Defender zimeahidiwa hadi Oktoba 2028, lakini hizo hazichukui nafasi ya viraka.

La mwisho ni jaribio. Kwenye tovuti ya eicar.org kuna mstari wa herufi 68 usiodhuru ambao antivirasi zote hukubali kuuita kirusi. Uandike kwenye Notepad, uuhifadhi Desktop. Defender ikiwa macho itauzuia mara moja na kuutaja EICAR_Test_File. Faili likitulia pale bila onyo, fungua Virus & threat protection uone kama Real-time protection imezimwa, au kama antivirasi nyingine iliyokwisha muda bado inaitwa mlinzi.