Refa, unahesabu nini?

Ndugu waamuzi wa mpira wa kikapu, na makocha mliokaa huko nyuma, karibuni.

Tuanze na filimbi inayotuponza dakika za mwisho. Timu inayoongoza ina mpira. Mchezaji ameushika karibu na mstari wa kati, hadundi wala hatoi pasi. Beki yuko mita mbili mbele yake, mikono kiunoni. Jukwaani wanapiga kelele: "Refa, hesabu!" Na refa, kwa kuona haya, anahesabu tano na kupuliza.

Anahesabu nini? Sekunde tano za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinamhusu mwenye mpira ambaye mpinzani anamkaba kihalali, kwa bidii, ndani ya mita moja. Akianza kudunda, hesabu imekwisha. Uvivu pale ni wa beki. Anayezitaka sekunde tano azifuate.

Mwenye mpira anabanwa na saa ya sekunde 24, muda ambao timu yake lazima iwe imetupa mpira ringini, nayo ilizaliwa kwa kero. Tarehe 22 Novemba 1950, huko Marekani, timu ya Fort Wayne Pistons walikwenda Minneapolis kuwakabili Lakers wa George Mikan, jitu lisiloshikika chini ya ringi. Wakaamua kuukalia mpira. Mechi ikaisha 19 kwa 18, wageni wakashinda. Mikan peke yake alifunga 15 katika zile 18. Watu walizomea sana, lakini hapakuwa na sheria ya kuwazuia Pistons. Dawa ilikuja 1954, pale Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, alipogawa sekunde 2,880 za mechi kwa mitupo 120 ya timu zote mbili, akapata 24. FIBA walianza na sekunde 30 mwaka 1956, wakashuka hadi 24 mwaka 2000.

Kuchelewesha mchezo ni habari nyingine kabisa. Kikapu kimeingia, mfungaji anausukuma mpira kwa ncha za vidole, unaviringika hadi chini ya viti, wenzake wanapata nafasi ya kurudi kukaba. Mpira ukimgonga kwa bahati mbaya, achana naye. Akikusudia, ni onyo: kwake, kisha kwa kocha wake, na linaifunika timu nzima hadi mwisho wa mechi. Umemwonya namba 7, namba 12 akarudia? Faulo ya kiufundi, mtupo huru mmoja. Sisi tunapenda kumnong'oneza mchezaji tukaishia hapo. Kocha hana habari, na adhabu ikija anafoka, tena ana haki.

Dakika mbili za mwisho mwonyeshe beki ishara ya kutovuka mstari kabla hujamkabidhi mpira anayeuingiza. Beki akivusha mkono baada ya hapo, usimwonye tena. Adhibu.

Nimeulizwa kuhusu viwanja visivyo na saa ya 24, navyo ndivyo vingi. Mpeni mtu mmoja wa mezani saa ya mkononi, aite kwa sauti zikibaki sekunde kumi, na makocha wote wawili waambiwe kabla ya mechi. Msihesabu ninyi wenyewe kichwani huku mnakimbia.