Intaneti iko sawa, leseni ndio zimeisha

Sitaeleza sana PBX, ile mashine ya kuunganisha simu za ofisi, kila mtu hapa ako na moja ofisini ama ndiye anaitunza. Niingie kwa ile kitu nimeongea Nakuru, nikaongea Eldoret, na leo naongea hapa Kisumu: ukiunganisha simu za ofisi mbili usihesabu simu za mezani, hesabu watu wanaongea kwa wakati mmoja, na uhesabu kila upande kivyake.

Kuna wateja wangu wanauza mbegu na mbolea, ofisi kubwa iko Nakuru, tawi liko hapa Kisumu. Walinunua leseni za kuunganisha PBX za ofisi hizo mbili, yaani ruhusa ya simu 4 kwa wakati mmoja kila upande, juu aliyewauzia aliwaambia Kisumu mko watu 9 tu, wangapi wataongea na Nakuru kwa mpigo? Mvua ya Machi ikaanza. Jumatatu saa tatu asubuhi napigiwa, ati intaneti imekufa, kuja haraka. Nikakuta dada wa mapokezi Nakuru amegeuza kalenda ya mwaka jana, nyuma anachora mstari kwa kila mteja amekatika, na mistari ilikuwa imejaza nusu ya karatasi. Nikafungua skrini ya PBX. Intaneti inapumua vizuri kabisa. Leseni: 4 kati ya 4 zimeshikwa.

Sasa fuateni simu moja tu, polepole. Mkulima wa Molo anapiga Nakuru, hiyo ni laini moja ya nje imeshikwa. Mbegu anataka iko stoo ya Kisumu, dada anamtransfa, hapo leseni moja ya kuunganisha imekwenda Nakuru na ingine Kisumu, kwa simu hiyo hiyo. Jamaa wa Kisumu hayuko mezani, na simu yake ameiforwadi kwa mkubwa wa mauzo, na mkubwa wa mauzo anakaa wapi? Nakuru! Simu inageuka inarudi ilikotoka, inakula leseni ya pili kila upande. Halafu mkulima anawekwa kwa holdi asikilize muziki dakika 6, na bado amezishika zote. Wakulima wawili wa namna hiyo, 4 zimeisha. Wa tatu anaskia tii tii tii anaenda kununua kwingine, na huyo ana shamba la kupanda wiki hiyo, hatakungoja.

Najua kuna mtu anasema sisi tuko na faiba ya Mbps 20. Sawa. Simu moja ya G.711, ile kodeki ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data, pamoja na mizigo yake yote inakula karibu kbps 87 kila upande, kwa hivyo Mbps 20 inaweza kubeba zaidi ya simu 200. Barabara ya Kisumu Nakuru inaweza kuwa tupu kutoka Ahero mpaka Kericho, lakini matatu ya viti 14 ni viti 14. Faiba ndio barabara, leseni ndio viti.

Na hesabu ya kujua leseni ngapi zinatosha ipo, si ya kubahatisha. Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, aliitoa 1917. Chukua saa yako yenye simu nyingi, tuseme simu 30 zinavuka, kila moja dakika 4, hiyo ni dakika 120, gawa kwa 60 unapata 2. Watu wakiona 2 wananunua leseni 2, na hapo ndio mnaniumiza, hiyo 2 ni wastani! Ukiwa na 2, simu 40 kwa kila 100 zinakataliwa. Ukiwa na 4, karibu 10. Ukifika 6 ndio inashuka ikabaki kama 1.

Pale tulianza kwa kutoa ile forwadi, bila shilingi hata moja, halafu zikaongezwa leseni pande zote mbili, maana ukiongeza Nakuru peke yake Kisumu ndio itabana.

Mambo ya kodeki, na ya ekstensheni, yaani namba ya ndani ya simu ya mezani, kama 201 kuwa pande zote mbili, muda umeniishia, tutaongea nikishuka. Lakini kabla ya kulipa mtu yeyote muulize anahesabu nini, simu za wakati mmoja, ekstensheni ama chaneli, maana kila kampuni na yake. Na kama umebeba ripoti ya simu zako za Jumatatu leta hapa mbele tuhesabu sasa hivi.