Utafiti Usiishie Siku ya Kutoa Waya

Walimu wangu, madaktari wenzangu na wanafunzi, asanteni kwa kunisikiliza. Jambo langu leo ni kipimo. Tunaponyoosha meno ya watu na kuyaandikia tafiti, tunapima lini, na kwa macho ya nani?

Tafiti nyingi hufunga hesabu siku waya zinapotolewa. Siku hiyo kila kinywa kinapendeza. Lakini jino halikusimikwa kwenye mfupa kama nguzo kwenye zege. Limeshikwa na nyuzi. Tukilisukuma, mfupa hulika upande mmoja na kujengeka upande wa pili, nalo husogea takriban milimita 1 kwa mwezi. Mfupa hutulia mapema, nyuzi za ufizi huchelewa. Kaare Reitan wa Norway aliyazungusha meno ya mbwa, akakuta nyuzi zilizo juu ya mfupa bado zimevutika baada ya siku 232. Hizo ndizo zinazolirudisha jino lilikotoka.

Mwaka 1981 Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 65 waliong'olewa magego madogo ya kwanza ili kupata nafasi. Waliwapima angalau miaka 10 baada ya kuacha vifaa vya kuyashikilia meno. Kwa theluthi mbili yao, meno ya mbele ya chini yalikuwa yamejipinda tena kiasi cha kutoridhisha, na hakuna kipimo cha awali kilichoweza kubashiri ni nani meno yake yatajipinda tena. Huwa nawaza: wangepimwa siku ya kutoa waya tu, tungeandika kwamba wote wamepona.

Sasa macho. Mwaka 1999 Vincent Kokich na wenzake walichukua picha za tabasamu, wakazibadilisha kidogo kidogo kwa makusudi, kisha wakawaonyesha wanyoosha meno, madaktari wa meno wa kawaida na watu wasio wa fani. Mstari wa kati wa meno ya juu uliposogezwa milimita 4, wanyoosha meno waliona kasoro. Makundi mengine mawili hayakuiona. Basi tafakarini ni miezi mingapi tunamwongezea mgonjwa ili kurekebisha kitu ambacho ni sisi tu tunaokiona, huku madoa meupe, dalili ya jino kuanza kuoza, yakimea kuzunguka vishikizo vya waya. Kwangu mimi, utafiti wa urembo wa meno usiomuuliza mwenye meno haujakamilika, hata takwimu zake zikiwa safi namna gani.

Kuhusu kundi la ulinganisho, yaani wagonjwa tunaowalinganisha na wale wanaopata tiba inayopimwa, nitasema kwa ufupi. Vishikizo vinavyojifunga vyenyewe vilisifiwa kwamba vinaharakisha matibabu. Wagonjwa walipogawanywa kwa bahati nasibu, faida hiyo haikuonekana. Watoto wenye meno ya juu yaliyochomoza, wakianza matibabu mapema, huishia karibu sawa na wanaongoja ujana, ila meno yao ya mbele huumia mara chache kuliko ya wenzao. Tofauti hiyo ina uzito kwa mzazi, na bila kundi la kulinganisha tusingeijua.

Kwa hiyo wanafunzi, mnapoandika pendekezo la utafiti, tengeni bajeti ya kuwatafuta wagonjwa miaka mingi baadaye. Anayepima asijue nani alipata tiba ipi. Na wasiorudi waandikeni idadi yao waziwazi, kwa sababu aliyeridhika na aliyekata tamaa wote wanaweza kuwa miongoni mwao.