Riwaya na Rufaa: Juu ya Kusoma kwa Mara ya Pili

Mabibi na mabwana, wapenzi wa vitabu,

Nimeombwa nizungumze juu ya kurudia riwaya, zile za zamani zilizokwisha kujipatia heshima na hizi za siku zetu ambazo wino wake bado ni mbichi, na ningependa kuanza na dai langu moja kwa moja. Msomaji aliyemaliza riwaya kwa mara ya kwanza amesikiliza kesi ya upande mmoja. Kurudia kitabu ni kukata rufaa, na nyingi kati ya riwaya bora zilizoandikwa tangu katikati ya karne ya 20 ni rufaa zilizokatwa na wasomaji ambao walikuwa pia waandishi.

Tunaposoma kwa mara ya kwanza tunataka kujua kitakachotokea: nani ataoana na nani, nani atakufa, siri itafichuka lini. Hamu hiyo ni halali kabisa, na mwandishi ameichochea kwa makusudi. Lakini inatufanya tumfuate msimulizi hatua kwa hatua, tukitazama anachokitazama na kukipita anachokipita, kwa sababu mwenye haraka hana nafasi ya kugeuka nyuma. Siri ikishatoka, haraka huisha, na ndipo tunapowaona waliokuwa wamesimama pembeni tangu ukurasa wa kwanza.

Lugha hii ya mahakama sikuichagua kwa pambo. Ukizipitia riwaya kubwa utashangaa ni ngapi zimejenga baraza la hukumu ndani yake. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, karibu yote ni utetezi wa mtu mmoja. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, naye anajitetea kwa muda wa siku kadhaa akisimulia habari za wajumbe waliotumwa na nchi yao kutafuta mema, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Anayekisoma mara ya kwanza huzisikia safari za wajumbe, kwa kuwa zinavutia kama hadithi za kale. Anayekirudia huanza kulisikiliza baraza lenyewe, na kuona jinsi mshitakiwa anavyowageuza washitaki wake kuwa washitakiwa bila kupandisha sauti. Hadithi ni zile zile, lakini uzito umehama kutoka kwa wajumbe kwenda kwa wale waliokaa kimya wakiwahukumu.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, riwaya iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, na ambayo naona ndiyo mfano bora katika Kiswahili wa kitabu kinachodai kurudiwa. Mara ya kwanza tunamtazama Rosa. Tunaona binti aliyelelewa kwa ukali akifika mahali ambapo hakuna wa kumchunga, na tunahesabu makosa yake moja baada ya jingine, tukimwonya moyoni kana kwamba anatusikia. Mwisho wake, Charles anapokataa kumwoa na Rosa anapojiua, unatuumiza, lakini wengi wetu hufunga kitabu tukiwa na hukumu tayari, na hukumu hiyo ni juu yake.

Rudia sasa ukiwa unajua mwisho. Mapema kabisa kuna barua, ambayo huyo huyo Charles amemwandikia Rosa, na kwa ajili ya barua hiyo Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake kipigo cha kudhalilisha. Mara ya kwanza tukio hilo ni utangulizi tu, ni namna ya kutuonyesha kwamba baba ni mkali. Mara ya pili tunajua kwamba mkono ulioandika barua ndio utakaokuja kumkataa, na kwamba mkono uliopiga ndio uliomfundisha kumwogopa mwanamume kabla hajapata kumjua. Ushahidi wote ulikuwa mbele yetu, tukaupita kwa haraka. Ukirudi tena utamwona Regina, mama yake, anayevumilia sana na kusema kidogo, na utajiuliza uvumilivu huo uliwafundisha nini mabinti waliokuwa wakimtazama kila siku. Utawaona pia wanaume wenye vyeo waliomtumia Rosa, ambao hakuna baraza la kijiji wala la shule lililowahi kuwaita. Kezilahabi mwenyewe alijua kwamba kesi yake haitaishia kaburini, kwa maana anawafikisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja na lawama zake kwa mwenziwe. Mwandishi ametukatia rufaa ya kwanza yeye mwenyewe, na nyingine ametuachia sisi.

Niendelee na kitabu cha mbali zaidi. Jane Eyre ya Charlotte Brontë ilitoka mwaka 1847, na nusu ya mvuto wake, kwa anayeisoma mara ya kwanza, ni kicheko. Jane, mwalimu wa watoto katika jumba la Thornfield, anasikia kicheko cha ajabu kutoka ghorofa ya juu, naye anaambiwa kwamba ni cha mtumishi aitwaye Grace Poole. Kitanda cha bwana wa nyumba, Rochester, kinawashwa moto usiku. Shela ya arusi inachanwa. Tunatetemeka pamoja na Jane, tunataka kujua nani anafanya haya, na tunapoambiwa hatimaye kwamba ni mke wa Rochester, Bertha Mason, aliyefungiwa huko juu kwa sababu ya wazimu, tunaona kitendawili kimeteguliwa na tunaendelea na mapenzi ya Jane.

Katika usomaji wa pili hakuna kitendawili. Kila kicheko kinapotajwa tunajua ni cha mwanamke aliyefungwa, na kila jibu linalotolewa juu yake tunajua ni uongo. Hata mwanzo wa kitabu unabadilika. Jane akiwa na miaka 10 anafungiwa katika chumba chekundu kwa sababu alimrudishia binamu yake pigo, na waliomzunguka wanasema anavyofanya ni kama mwenye wazimu. Brontë ameweka msichana aliyefungiwa kwa ajili ya hasira yake katika sura za mwanzo, na mwanamke aliyefungiwa katika sura za kati, na wa kwanza anamtazama wa pili bila kujitambua ndani yake. Sidai kwamba Brontë alikusudia yote hayo. Nadai kwamba yamo kitabuni, na kwamba hayaonekani kwa mwenye haraka.

Kuna msomaji mmoja aliyeyaona na asiweze kunyamaza. Jean Rhys alizaliwa Dominica, katika visiwa vya Karibi, na Bertha Mason naye ametoka Karibi. Mwaka 1966 Rhys alichapisha Wide Sargasso Sea, riwaya inayomrudishia mwanamke huyo utoto wake, jina lake la awali la Antoinette, na sauti yake. Hapo tunajua kwamba Bertha ni jina alilobandikwa na mumewe. Mume huyo naye anapewa nafasi ndefu ya kusimulia, na hilo ndilo linalonifanya nimheshimu Rhys kuliko wengi waliofuata njia yake: hakukata rufaa ili ampate mshitakiwa mpya wa kumtwisha kila kitu. Alitaka pande zote zisikike. Baada ya kukisoma, hakuna awezaye kurudi Thornfield na kukisikia kicheko kile kama alivyokisikia mwanzo.

Mfano wa tatu nitakaa nao kidogo, kwa sababu unaonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Katika L'Étranger ya Albert Camus, iliyotoka mwaka 1942, Meursault anamuua mtu ufukweni nchini Algeria kwa risasi moja, kisha anaongeza nne nyingine. Inafuata kesi, na kesi hiyo imesifiwa sana, kwa haki, kwa jinsi inavyoonyesha jamii inayomhukumu mtu kwa kutolia. Mashahidi wanaulizwa juu ya mazishi ya mama yake. Alikunywa kahawa ya maziwa karibu na jeneza. Alivuta sigara. Kesho yake alikwenda kuogelea na Marie, na jioni wakatazama filamu ya kuchekesha. Mara ya kwanza tunakasirika pamoja na mwandishi: huyu anahukumiwa kwa kikombe cha kahawa! Mara ya pili linazuka swali ambalo mahakama hiyo haikuliuliza, na ambalo sisi pia hatukuliuliza. Aliyeuawa alikuwa nani? Anaitwa Mwarabu tu, mwanzo hadi mwisho. Hana jina, hana mama wa kumlilia, na katika chumba cha mahakama anakaribia kusahaulika kuliko hiyo kahawa.

Mwaka 2013 mwandishi wa Algeria, Kamel Daoud, alichapisha riwaya ambayo ndani yake marehemu ana jina, Musa, na ana ndugu aitwaye Harun, mzee sasa, anayekaa baa mjini Oran akimsimulia kijana mmoja yaliyoipata familia yake. Riwaya ya Camus inaanza na kifo cha mama, na ya Daoud inaanza kwa kutuarifu kwamba mama yungali hai. Lakini Harun hajawa malaika. Naye anaua mtu, Mfaransa, na maafisa wanaomhoji wanasumbuliwa zaidi na wakati aliochagua kuua, kwamba uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana, kuliko kifo chenyewe. Daoud amemjibu Camus kwa kumpenda na kumgombeza kwa wakati mmoja, na nadhani hivyo ndivyo msomaji wa kweli anavyorudi kwenye kitabu kikubwa.

Chinua Achebe hakungoja mwingine amfanyie kazi hiyo. Katika sura ya mwisho ya Things Fall Apart ya mwaka 1958, ambayo kwa Kiswahili tunayo kama Shujaa Okonkwo, macho yanahamia ghafla kwa mkuu wa wilaya wa Kiingereza, ambaye anaona kwamba habari za Okonkwo zinaweza kumpatia aya moja nzuri katika kitabu anachotaka kuandika. Sentensi hiyo inakutuma urudi mwanzo. Ukirudi, mieleka ya Okonkwo na Amalinze, viazi vikuu, methali, vikao vya wazee, vyote vilivyoonekana mara ya kwanza kama maelezo ya mila vinasomeka kama jibu kwa mtu aliyedhani kwamba aya moja ingetosha.

Najua pingamizi linalosubiri. Maisha ni mafupi, vitabu visivyosomwa ni vingi, kwa nini nirudie nilichokwisha kukisoma? Jibu langu ni kwamba anayesoma vitabu 100 mara moja moja amekutana na wasimulizi 100 na huenda hajamsikia hata mmoja wa waliowekwa pembeni. Nakubali pia kwamba si kila kitabu kinastahimili. Zipo riwaya nilizozipenda sana ambazo ziliponyang'anywa siri yao hazikubaki na kitu, na hakuna aibu kuziacha zipumzike zilipo. Vivyo hivyo, si kila riwaya mpya inayomfufua mhusika wa zamani inafaa kitu. Nyingine zinaazima umaarufu tu. Kipimo changu ni hiki: baada ya kusoma riwaya mpya, rudi kwenye ile ya zamani. Kama hukuona chochote ambacho hukukiona kabla, mwandishi huyo mpya hakuwa na rufaa ya kukata.

Kwa upande wa namna ya kurudia, sina mengi. Huwa narudi kwenye sura ya kwanza mara tu nimalizapo ya mwisho, wakati sauti zingali masikioni, kisha nakiacha kitabu kwa miaka kadhaa. Nikirudi, namchagua mhusika mmoja asiyesema sana na kumfuata yeye peke yake, ukurasa kwa ukurasa. Mara nyingi inatosha.

Nimalizie na riwaya ambayo ndani yake kesi haikufunguliwa kabisa. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 1994, na mwaka 2022 tuliipata kwa Kiswahili, Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mtoto Yusuf anampenda Ami Aziz, tajiri mwenye misafara, ambaye kila ajapo humpa sarafu. Siku moja anapandishwa garimoshi kwenda naye, na ni kijana mwenzake, Khalil, anayemwambia kwamba huyo si ami yake, kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anayerudi kwenye kurasa za mwanzo baada ya kulijua hilo hawezi tena kuisoma sarafu ile kama zawadi. Wala hawezi kuyapita macho ya wazazi, waliojua. Mwishoni Yusuf anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, na kitabu kinakatika hapo hapo. Mwaka 2020, Gurnah alitoa Afterlives, ambamo kijana mwingine, Hamza, ameingia katika jeshi hilo hilo na tunaona lilimfanya nini. Mwandishi amerudi mwenyewe mahali alipomwacha mtoto wake wa zamani. Anayetaka kuujaribu usomaji huu ninaouzungumzia aanze na hizo mbili: asome Peponi, asome Afterlives, kisha arudie Peponi, akimfuata safari hii Khalil badala ya Yusuf.

Asanteni kwa kunisikiliza.