Choo cha ghorofani: maji yanapita wapi?

Assalamu alaykum wazee wangu, mafundi, na nyinyi wenye nyumba mliokuja jioni ya leo.

Tunaanza na dari, si na sakafu. Ukitaka kujua hali ya choo cha ghorofani katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, shuka chini ukatazame juu. Doa la manjano lenye ukingo, unga mweupe wa chumvi unaotoka kwenye plasta, boriti iliyogeuka nyeusi karibu na ukuta: hayo yatakueleza mengi kuliko marumaru zilizopasuka kule juu.

Wengi wetu tunaamini marumaru huzuia maji. Hazizuii. Marumaru ni nguo, si mwavuli. Maji hupenya kwenye maungio yake, na kinachotakiwa kuyazuia ni tabaka lililo chini yake. Kama tabaka hilo halikuwekwa, au limechanika, kubadilisha marumaru ni kumvisha mgonjwa kanzu mpya.

Kumbukeni jinsi nyumba hizi zilivyojengwa. Boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba, mita 3 hivi. Juu yake mawe bapa, kisha zege la chokaa lililopigwa siku kadhaa mpaka likashikana. Sakafu hiyo hupumua. Ikirowa kidogo, hukauka. Na boriti hucheza kidogo mtu anapopita, nayo chokaa huvumilia. Mwaga juu yake saruji kali: ni ngumu, haichezi, kwa hiyo hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Maji huingia kwa ufa huo, kisha saruji ileile huyazuia yasitoke. Yanabaki kwenye boriti.

Sasa uchunguzi. Kwanza jua kama maji yanatoka kwenye bomba au kwenye sakafu, maana tiba zake ni mbali mbali. Usiku, funga mifereji yote na funga maji yanayoingia kwenye tangi, kisha weka alama ya kimo cha maji. Asubuhi yakiwa yamepungua bila mtu kutumia, bomba linavuja. Yakiwa palepale, geukia sakafu. Iache kavu siku 3, halafu mwaga ndoo moja ya maji yaliyotiwa buluu ya kufulia kuzunguka tundu la kutolea maji tu. Kesho yake tazama dari. Ukiona buluu, kosa lipo kwenye shingo ya tundu, pale bomba linapokutana na sakafu. Hapo ndipo penye kasoro mara nyingi, na mara nyingi hapahitaji kuvunja chumba kizima. Usipoona kitu, rudia kwenye pembe za kuta, pembe moja kila siku.

Wapo mafundi wanaoziba tundu na kujaza maji kimo cha sentimita 3 kwa saa 24. Kipimo hicho ni kizuri kwenye zege la nondo. Kwenye boriti usizoziamini msikifanye, kwani kila mita ya mraba itabeba kilo 30 za ziada juu ya mti ambao huenda umeoza.

Boriti zenyewe hupimwa kwa bisibisi. Ikandamize kwenye ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani, kwa sababu ncha ndiyo huanza kuoza na ndiyo mchwa hupenda. Mti mzima huirudisha bisibisi. Mti uliooza huimeza kama muhogo uliochemka. Ikizama sentimita moja au zaidi, acheni habari ya marumaru. Wekeni nguzo za muda chini, zikisimama juu ya ubao mpana, na nendeni Mamlaka ya Mji Mkongwe kuomba kibali kabla ya kugusa chochote.

Juu, gonga marumaru kwa mpini wa nyundo. Sauti tupu maana yake imeachana na kilicho chini. Na hesabuni matabaka. Kubandika marumaru juu ya marumaru ni kosa linalotuumiza sana. Sentimita 3 za saruji na marumaru yake ni kama kilo 80 kwa mita ya mraba. Choo cha mita 1.5 kwa 2 kitaongezewa kilo 240, sawa na watu wazima watatu wakikaa humo usiku na mchana.

Boriti zikiwa nzima, kazi huenda hivi. Bandueni kwa nyundo na tindo, kipande kwa kipande. Mashine ya kuvunjia hutikisa ukuta mzima. Kifusi kishushwe kwa ndoo papo hapo, kisirundikwe sakafuni. Kisha tabaka la mteremko, wastani wa sentimita 4, likiinamia tundu kwa sentimita 2 kila mita. Pimeni kwa pimamaji, si kwa jicho. Mchanganyiko uwe saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Kwa choo hicho cha mita za mraba 3 mtahitaji ndoo 6 na nusu za lita 20 za mchanga, na saruji na chokaa ndoo 1 na kidogo kila kimoja. Saruji hiyo ni kama kilo 30. Mchanga wa pwani hapana kabisa. Chumvi yake huvuta unyevu maisha yote.

Funikeni tabaka hilo kwa magunia mabichi siku 7, kisha acheni pakauke sawasawa. Ndiyo maana tunasema kazi hii ifanywe wakati wa kaskazi kavu, Januari na Februari. Masika hapakauki.

Halafu dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili, wa pili ukipakwa kukata wa kwanza, na kitambaa cha wavu kwenye pembe zote na kwenye shingo ya tundu. Ipande ukutani sentimita 15 kote, na mita 1.8 pale pa kuogea. Kwa hesabu hiyo mtapaka zaidi ya mita za mraba 7, si 3, na hapa ndipo dawa huishia njiani fundi akaanza kuitia maji. Marumaru ziachiane milimita 3, na pembe ya sakafu na ukuta izibwe kwa silikoni, isizibwe kwa saruji.

Hiki hapa kipande cha plasta ya chokaa. Tazameni nikikikamulia ndimu. Mnaona povu? Hiyo ni ndimu tu. Dawa za choo zenye asidi ni kali kuliko hivyo, nazo hula chokaa na saruji ya maungio vilevile, kila wiki, kimya kimya. Osheni choo kwa sabuni na brashi.

Na dari ya chini msiipake rangi ya mafuta kuficha doa. Ipakeni chokaa. Doa likirudi baada ya miezi mitatu, mtaliona mapema.